Madumu Mekundu ya Kaka

Jumapili, 3 Machi

Daraja limeondoka na maji. Mikate yetu sasa itazunguka kwa njia ya milimani, na huko juu kuna kituo kimoja tu cha mafuta, ambacho leo kina petroli na kesho kina mbwa amelala mbele ya pampu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye anayeendesha gari letu tangu mume wangu avunjike mguu. Amesema lazima tubebe mafuta ya akiba. Hilo nimekubali. Akasema pia anamjua mtu anayeuza dumu la chuma, kuukuu, limebonyea ubavuni, lakini mfuniko wake unabana sawasawa. Hilo sijakubali. Akija kwangu mtu na "namjua mtu", mimi hushika mkoba wangu.

Naandika haya unga ukiumuka. Mvua haijanyamaza tangu asubuhi.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda dukani kwa kaka yangu. Anauza vifaa vya ujenzi, rangi, mabomba, kila kitu. Hakunipa madumu yaliyopangwa mbele. Aliingia stoo, akatoka na mawili mekundu, yanang'aa, akayafuta vumbi kwa shati lake mwenyewe.

"Haya ni ya petroli kabisa, mdogo wangu. Rangi yenyewe si unaiona?"

Nani mwingine angenifutia vumbi kwa shati?

Nyumbani, shemeji aliyapokea kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Akaligeuza moja kichwa chini, akalinusa, akalikwaruza kwa ukucha.

"Shemeji, haya siyaamini. Hayana maandishi popote. Na plastiki yake nyepesi, ukiibonyeza inaingia ndani."

"Kwani unataka kuyasoma au kubebea mafuta?"

Mume wangu alicheka. Shemeji hakucheka. Najua kinachomuuma: yule mtu wake wa dumu la chuma angempa chochote.

Ijumaa, 8 Machi

Safari ya kwanza ya milimani. Wamefika, wamerudi. Mvua.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimepanda mwenyewe. Mimi si mtu wa kushuku, ila napenda kuona.

Pale kituoni shemeji aliyashusha madumu garini, akayabeba hadi nyuma ya ukuta, nisipomwona. Nikashuka nikamfuata kwenye tope.

"Mbona huku?"

"Hayajazwi yakiwa ndani ya gari, shemeji. Yanawekwa chini, kwenye ardhi. Na pale mbele kuna mtu anavuta sigara."

Niligeuka nikatazama. Mzee mmoja alikuwepo, sigara yake imekwisha kuzimika.

Halafu hakulijaza. Alimwambia muuza mafuta asimamishe wakati bado naona nafasi ya wazi chini ya shingo ya dumu. Nikauliza kulikoni. Akasema petroli ikipata joto inatanuka, inahitaji pa kupumulia.

Pa kupumulia! Mimi nimelea watoto wachanga, navijua vitu vinavyopumua.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Tanuri linarudisha moshi ndani. Hakuna jipya.

Jumamosi, 16 Machi

Mama mwenye duka kule juu, mteja wetu wa miaka, amerudisha mikate. Amenipigia simu, na yule mama hana desturi ya kuzunguka.

"Mwenzangu, mkate wako unanuka gereji."

Nimeunusa. Ni kweli. Ganda lina harufu ya petroli, na ndani pia ukiumega. Nimekula kipande kidogo ili niwe na hakika, na ulimi wangu umekufa hadi sasa.

Hivi mafuta yaliyofungwa ndani ya dumu yatafikaje kwenye mkate? Mtu ameyamimina humo ndani. Anayepunguza mafuta ili ayauze humwaga, na anayemwaga huacha harufu. Shati la shemeji lilikuwa limeanikwa chini ya ukingo wa paa. Nimelisogelea nikalinusa. Petroli tupu. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Nikajifanya nalianua.

Jumanne, 19 Machi

Nimeanza kuweka alama. Dumu likisimama kwenye mwanga unaona kivuli cha mafuta kwa mbali, basi nachora mstari wa chaki pale yalipofikia. Jana jioni nilichora kwenye dumu ambalo halijaguswa, gari likiwa limefungwa na ufunguo ninao mimi. Leo mchana mafuta yako chini ya mstari.

Ina maana ana ufunguo mwingine.

Nilimuuliza kwa upole, ili asijue nimechora.

"Yanapotea hewani," akasema. "Huo mfuniko haubani. Mpira wake umelegea kama mkate uliolowa. Na hebu angalia vidole vyangu."

Vidole vyake vilikuwa vyekundu. Nikamwambia akanawe.

Ijumaa, 22 Machi

Mama wa duka la juu amenipasha habari nyingine. Jana alipokuwa anatoka shambani aliliona gari letu limesimama kwenye kona, milango ya nyuma wazi, na dereva ameketi juu ya jiwe, mbali, hafanyi lolote.

"Kama mtu anayesubiri mtu," akasema.

Nilimngoja shemeji arudi. Sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Napitisha hewa," akasema. "Harufu inazidi humo ndani, kichwa kinanipasuka. Na nikifungua mfuniko kidogo, linatoa pumzi kama soda."

Mtu huyu kila swali hulijibu kwa hewa.

Mume wangu alikuwa ameketi na mguu wake juu ya stuli. Akasema, "Mke wangu, mwache apumzike." Sauti yake ilikuwa na kitu nisichokijua.

Jumapili, 24 Machi

Kaka amekuja kutusalimia. Mvua imetulia kidogo, jua limetoka kali la ghafla, na ardhi inafuka mvuke. Nilimweleza yote: mkate, chaki, kona.

"Ndugu wa mume ni ndugu wa mume," akasema. "Mwangalie sana."

Nilifurahi kusikia mtu akisema ninayoyafikiri. Baadaye akauliza kama madumu huwa tunayaweka juani. Nikamwambia gari lenyewe liko juani, madumu yatakuwa wapi? Akamaliza chai yake upesi, akaaga. Alikuwa na haraka ya duka, nadhani, ingawa Jumapili hafungui.

Alhamisi, 28 Machi

Leo nimemshika.

Shemeji aliondoka na gari akisema anapitia kwa fundi kukaza breki. Nilivaa kanga yangu ya mvua nikamfuata kwa miguu. Gereji ya fundi ina uzio wa mabati, na bati moja limeng'oka pembeni. Nikachungulia. Gari limeegeshwa kinyumenyume. Shemeji amechuchumaa chini, dumu langu jekundu ameliinamisha, anamimina petroli kwa faneli ndani ya dumu la chuma. Kuukuu, limebonyea ubavuni.

Niliingia. Fundi aliponiona akaokota spana ambayo haikuwa na kazi, akaenda zake nyuma.

"Endelea," nikasema. "Usijibane."

Shemeji alimalizia kumimina. Akafunga mfuniko wa lile la chuma, akainuka taratibu, magoti yakilia.

"Nilitaka kukwambia."

"Hili dumu ni la nani?"

"Langu. Nimelinunua mwenyewe."

"Na petroli iliyomo?"

"Yako."

"Umesikia mwenyewe ulivyosema."

"Shemeji, sikiliza. Tangu wiki jana nayahamishia humu, nalifunga hapa nyuma, kwa nje, nikirudi naliacha kwa fundi ili usigombe. Madumu yako yanavimba. Kabla sijaanza kuhamisha, moja lilivimba mpaka likaanguka lenyewe."

"Yanavimba madumu, au ni mfuko wako unaovimba?"

Uso wake ulibadilika, nami nilidhani ni aibu ya mtu aliyekamatwa. Alitoa funguo za gari mfukoni, akaziweka juu ya boneti. Hakuzirusha. Aliziweka, akalibeba dumu lake la chuma, akasimama, akakumbuka kitu. Akalifungua tena, akairudisha petroli yangu yote ndani ya dumu jekundu, hadi tone la mwisho, sote tukimtazama. Ndipo akaondoka na dumu tupu kwenye mvua.

Nimerudi nyumbani nimeshinda.

Ijumaa, 29 Machi

Mume wangu anakula, anashukuru, anageukia ukutani.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimepata dereva mwingine. Watu wanamwita Kasi. Anacheka, anaimba, hana maswali. Kituoni leo alifungua mlango wa nyuma, akamwambia muuza mafuta avute mpira hadi humo humo ndani, na madumu yote mawili yakajazwa mpaka yakamwagika shingoni. Nimeona kwa macho yangu. Hakuna nafasi wala pa kupumulia. Kila tone limeingia.

Hivi ndivyo mtu asiye na la kuficha anavyofanya kazi.

Jumatano, 3 Aprili

Jua. Mikate imeiva vizuri. Kesho tunampeleka mume wangu hospitali akakaguliwe mguu, njiani tutashusha mikate.

Jumamosi, 6 Aprili

Naandika kwa mkono wa kushoto, mtu asinicheke.

Alhamisi tuliondoka asubuhi, jua likiwa limeshakuwa kali. Kasi kwenye usukani, mume wangu katikati mguu umenyooshwa, mimi dirishani. Mikate nyuma, na madumu nyuma ya kiti chetu, yamejaa. Kati yetu na mizigo hakuna ukuta, ni kiti tu.

Tulipoanza kupanda mlima harufu ilikuwepo, lakini nilishaizoea. Kasi alikuwa anaimba. Mume wangu akasema, "Fungua dirisha." Nikafungua. Baadaye akasema, "Mke wangu, harufu hii si ya kawaida." Nikamjibu kwamba leo mafuta yamejaa, hatujazoea kuona yamejaa. Nilisema hivyo. Maneno yangu yenyewe.

Kisha kisigino changu kikalowa.

Nilidhani ni maji ya mvua kwenye zulia. Niliinama nikagusa, nikanusa vidole. Vilikuwa vimelowa petroli, na vilikuwa vyekundu. Niligeuka nyuma. Dumu moja lilikuwa limevimba kama tumbo la maiti, na chini, kwenye mshono, limepasuka ufa mrefu unaotoka mafuta bila kelele, kama mtu anayelia usingizini. Yalikuwa yameshapita chini ya masanduku ya mikate, yanatafuta matundu ya sakafu.

"Simamisha!" nikapiga kelele. "Simamisha! Zima gari!"

Kasi alifunga breki, akaangalia nyuma mara moja, akafungua mlango wake na kukimbia. Sikumwona tena hadi jioni. Gari halikuzimwa. Nilinyoosha mkono juu ya mume wangu nikazungusha ufunguo, lakini tulikuwa tumepanda mlima mrefu, na bomba la moshi chini yetu lilikuwa limepata joto kali.

Mume wangu alikuwa anajivuta. Mkongojo wake ulinasa chini ya kiti, naye anauvuta, anauvuta. Nikamwambia auache. Akasema, "Nitatembeaje?" Nikamshika makwapani nikamvuta kama gunia la unga, tukaanguka wote kwenye tope, na mguu wake ukagonga ukingo wa gari. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Sikusimama. Nilimburura kwa ukosi wa koti hadi kwenye mtaro.

Moto haukulipuka kama watu wanavyosimulia. Ulifanya "huff", kama tanuri ninapoliwasha asubuhi. Basi. Halafu gari zima likawa limevaa moto. Nilikuwa bado nimemshika mume wangu kwa mkono wa kulia, ule nilioulowesha kwa kugusa zulia, na mwali ukapita juu ya majani ukaulamba. Mume wangu aliuzika mkono wangu kwenye tope na kuukandamiza hadi moto ukazima.

Tulilala mtaroni tukilitazama gari. Dumu la pili lilipopasuka, masanduku yaliruka. Harufu ya mkate unaoungua ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniliza.

Mume wangu akasema, "Alikwambia."

"Wewe ulijua kuhusu lile dumu la chuma?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungemwamini?"



Jumatatu, 8 Aprili

Mkono umefungwa bandeji. Mguu wa mume wangu umewekwa plasta upya. Tanuri baridi.

Sikuweza kulala mchana kama daktari alivyotaka. Nimekaa nikiwaza ule wekundu wa vidoleni. Rangi ya plastiki haitoki. Plastiki nyekundu ni nyekundu mpaka ndani.

Jirani mmoja hubebea mafuta ya pikipiki yake kwenye dumu lililotoka duka lile lile la kaka, la namna ile ile. Nimeliomba. Nimekaa nalo uani, nikamwaga petroli kidogo juu ya kitambaa, nikasugua. Rangi ilitoka kama vipodozi vya mtu anayelia. Chini yake plastiki ni nyeupe, imechakaa, na kitakoni yametokea maandishi yaliyochongwa humo humo kwenye plastiki, ambayo rangi nene ilikuwa imeyaziba: sumu ya magugu, chombo kisitumike tena.

Nimeyasoma mara nyingi kuliko yalivyohitaji.

Aliingia stoo. Hakunipa yaliyokuwa mbele. Akayafuta kwa shati. Na Jumapili ile aliuliza habari ya jua.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimemfuata shemeji. Anaendesha lori la kokoto kwenye ujenzi wa barabara. Tulisimama kando ya rundo la mchanga, yeye na kofia yake ya kazi, mimi na bandeji yangu.

Nikamwambia nimekosa. Nikamweleza rangi, maandishi, yote. Alisikiliza akitazama mkono wangu.

"Nami nimekosa," akasema. "Ningeyachoma kisu siku ile ile ya kwanza. Niliogopa ugomvi. Kaka angekufa kwa sababu niliogopa ugomvi." Kaka yake, mume wangu.

"Utarudi? Tukipata gari."

Lori moja lilipita, vumbi likatufunika sote.

"Ulininusa shati, shemeji. Lilikuwa kwenye kamba, nawe ukalinusa. Ungeniuliza, ningekwambia. Kunusa kule ndiko kunakonikalia hapa." Akagusa kifua chake. "Nitakuja kumwona kaka. Kurudi kazini, sijui."

Nikasema sawa. Alinisindikiza hadi barabarani, akanishikia mkono mzima tulipovuka.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo asubuhi, mvua ikinyesha tena, nimekwenda dukani kwa kaka. Nililibeba lile dumu nililolisugua, ndani ya kikapu, limefunikwa.

Alikuwa anamhudumia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Juu ya kaunta, kati yao, dumu jekundu linang'aa. Kaka aliponiona alikuja mbio kunishika bega.

"Mdogo wangu! Pole sana, nilikuwa nakuja leo leo. Hao madereva wa siku hizi!"

Niliweka dumu langu kando ya lile jingine, kitako juu. Akayaona maandishi. Akashusha sauti.

"Tusiongelee hapa. Nitakusaidia gari. Nitasimama na wewe mpaka upate gari jingine, unanielewa? Sisi ni damu."

"Ulijua?"

"Kila mtu anayauza."

"Ulijua nitapanda na mume wangu?"

"Sikujua mtayajaza mpaka juu."

Kwa hiyo alijua.

Nilimgeukia yule mama. "Dada, usinunue hilo. Limepakwa rangi. Lilikuwa la sumu. Gari langu limeungua na mume wangu nusura awe ndani." Nikainua mkono wenye bandeji.

Kaka akacheka kidogo. "Huyu ni mdogo wangu. Amepata ajali, bado ana mshtuko. Msamehe."

Yule mama alinitazama mimi, akamtazama yeye. Nililijua tazamo lile. Alikuwa anapima ni nani kati yetu anayemdanganya, na aliponiangalia tena niliona upande wangu unapungua. Mwanamke ameloa, ana bandeji, anagombana na ndugu yake mbele za watu. Hata mimi nisingejiamini.

Nikamwambia, "Basi usiniamini mimi. Muulize yeye kwenye gari lake amebeba nini."

Gari la kaka lilikuwa pale pale mbele ya duka. Nami sikujua lina nini. Nilisema tu kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kusema. Lakini kaka alisogea hatua moja, akasimama kati yetu na mlango.

Yule mama aliliona hilo. Akamkwepa, akatoka nje, mtoto akiwa mgongoni, akaweka kiganja juu ya kioo cha nyuma ili kuzuia mwanga, akachungulia. Nikaenda nikasimama naye. Nyuma ya kiti, limefungwa kwa mkanda lisilale, limefunikwa gunia nusu, kulikuwa na dumu la chuma jipya, na chapa yake ubavuni.

Mama yule aliingia ndani kuchukua mwavuli aliouacha kwenye kaunta. Kaka alikuwa bado ameshika lile dumu jekundu kwa mikono miwili, kama mtu aliyeombwa amshikie mwingine mzigo.

"Nalo hili?" akamuuliza.

"Mpe mkeo," akasema yule mama, akafungua mwavuli, akaondoka.